Malango Yaliyosomwa Ramadhani

Kidonda cha Mwajabu kilikuwa safi kupita kiasi, na usafi huo ndio uliomtia Mwavita hofu. Ilikuwa siku ya tisa tangu apasuliwe kutolewa mtoto, na mkato chini ya kitovu ulikuwa vilevile kama siku ya kwanza. Usaha hakuna, joto hakuna, wekundu pembeni hakuna. Nyuzi ndizo zilizoshikilia tumbo. Nyama yenyewe haikuwa imeshikana hata kidogo. Mwavita alirudisha shashi, akamfunika shuka, akamwambia anaendelea vizuri. Mwajabu alicheka kinyonge, akasema kama huku ndiko kuendelea vizuri, basi Mungu amwepushe na kuendelea vibaya.

Mwavita hakuwa muuguzi. Kazi yake pale Kituo cha Ngozi ilikuwa kusoma malango, na Tabora nzima watu mia nne na kumi na wawili walikuwa na lango mkononi, Mwajabu mmoja wao. Ndiyo maana Daktari Rutashobya alimwita wodini. Alikuwa amesimama dirishani, mtu mrefu mwenye subira, mwenyeji wa Bukoba, na uso wake ulikuwa umechoka.

"Bi Mwavita, lango lake linasemaje?"

"Linasema yuko sawa, Daktari."

"Hilo ndilo linalonitisha," alisema. Kisha akashusha sauti ili mgonjwa asisikie. Ndani kumeanza kuoza, akaeleza, na mwili haupigani. Mwili unaopigana hutoa usaha, hutoa homa. Huu umekaa kimya. Ana siku tatu, akijitahidi nne. Na akamkumbusha Mzee Ndaro, aliyejikata kidole cha mguu kwa jembe Mfunguo Tatu, mwezi wa tatu baada ya Ramadhani, jeraha dogo la kufunga kitambaa, akazikwa kabla mwezi haujaisha. Wakasema ni kisukari, ingawa mzee wa watu hakuwa nacho. Naye alikuwa na lango.

Mwavita alisema ataangalia vipimo. Alitembea hadi chumba chake cha kusomea, maana kuna kitu kilikuwa kimeanza kumkwaruza moyoni, na hakutaka kukitazama akiwa mbele za watu.

*

Haya, tuelewane kwanza kuhusu lango. Ni kitu kidogo, ukubwa wa punje ya ulezi. Hupandwa chini ya ngozi ya mkono, likaotesha nyuzi nyembamba zisizoonekana, na ndani ya wiki mbili zimeenea mwili mzima. Lilitengenezwa kwa ajili ya wenye soriasisi, ugonjwa ambao watu wa mjini wanauita magamba, na waliokuwa hawaujui walikimbia kiti alichokalia mgonjwa.

Ngozi ya mwenye magamba ina pupa. Chembe ya ngozi ya mtu mwenye afya huzaliwa chini, ikapanda taratibu karibu mwezi mzima, ikafika juu na kupukutika bila mtu kujua. Ya mwenye magamba huikimbia safari hiyo kwa siku nne, tano, na mwenye kukimbia hivyo lazima ale. Hufakamia sukari ya damu. Askari wa mwili wanaokuja kuangalia kuna nini, nao wanakaa kitako na kufakamia, na kadiri wanavyokula ndivyo wanavyozidi kuwaka na kuwasha wenzao. Ndipo ngozi inavimba, inakuwa nyekundu, inarundika magamba meupe. Kwa wengine ugonjwa hushuka hadi kwenye viungo, wakashindwa kushika kijiko.

Lango huonja kila saa ngozi inachoma sukari kiasi gani. Ikizidi kipimo, linabana milango inayopitishia sukari kwenye chembe. Pupa ikikosa chakula hutulia. Kipimo hicho hupatikana kwa kuwasoma watu siku arobaini wakiwa katika hali yao ya kawaida, kisha mnara wa Kituo hutangaza namba moja kwa mji mzima, na malango yote yanaitii. Walioyatengeneza waliyauza kwa miji, si kwa mtu mmoja mmoja. Ndivyo yalivyokuwa rahisi. Ukimhamisha mtu mji mwingine, amri ya mnara wa mji wake inamfuata hata huko. Ukitaka kuling'oa, itabidi umpasue mwili mzima kufuata nyuzi.

Namba ya Tabora ilikuwa thelathini na moja. Singida ilikuwa hamsini na mbili, Mpanda hamsini. Mwavita aliijua tofauti hiyo tangu mwanzo, na aliionea fahari. Wageni walikuja kuzitazama ngozi za Tabora, laini kama za watoto, na yeye aliwapokea kwa soda.

Sasa alifungua kitabu cha usomaji. Siku arobaini zilianza kumi ya mwisho ya Shaabani, zikaishia Idi. Kila ukurasa ulikuwa na swali moja juu: Amekula leo? Na chini yake, mtu baada ya mtu, kwa mwandiko wake mwenyewe mzuri wa kulalia kulia: Ndiyo. Ndiyo. Ndiyo.

Loo, Mwavita.

Rutashobya alikuwa amewatangazia mapema kwamba anayesomwa asifunge. Akasema hata dini yenyewe imemwachia mgonjwa. Watu wakaitikia sawa, Daktari, wakaenda nyumbani wakala daku. Walikuja kusomwa saa nane mchana, midomo imekauka, sauti zimeshuka, na Mwavita alikuwa mtu wa hapohapo, tangu lini asimjue mwenye saumu? Hata yeye alikuwa amefunga. Lakini saumu ya mtu ni siri yake na Mola wake. Angeanzaje kumwandika mzee wa watu kwenye karatasi, ili daktari aje amgombeze mbele ya foleni kwa sababu ya ibada yake? Hakuna aliyemwomba aseme uongo, wala hakuna aliyemkonyeza. Aliwastahi tu. Tena mwezi ule ngozi zao zilikuwa zimetulia, wanacheka, hawajikuni, na yeye akaona ni heri tupu.

Basi malango yakajifunza mwili wenye njaa, yakaambiwa huo ndio mwili wa kawaida. Idi ilipofika watu wakarudi kwenye ugali wao wa mchana, malango yakaona pupa, yakabana. Yalibana kidogo kidogo mwezi hadi mwezi. Na kidonda je? Kidonda nacho kina pupa. Kingo za jeraha lazima zikimbie ili zikutane, askari lazima wale ili wapigane, na moto huo lango halijui kuutofautisha na ugonjwa. Mpaka kufika Mfunguo Tatu, mtu wa Tabora mwenye lango hakuwa tena na uwezo wa kufunga jeraha lolote.

*

Njia zilikuwa mbili. Ya kwanza ilikuwa kuwasoma watu upya siku arobaini, wakila kweli, na kuipandisha namba polepole. Hiyo ilikuwa salama kwa wote isipokuwa Mwajabu. Ya pili ilikuwa kuipandisha hadi hamsini kwa mkupuo. Sukari ingefika kwenye kidonda cha Mwajabu ndani ya saa chache. Wengi wangerudiwa na madoa viwikoni na magotini, wakalalamika, wakaishi. Lakini waliokuwa na magamba mazito kabla ya lango, pupa yao iliyokandamizwa miezi yote ile ingeamka kwa siku moja. Kitabu cha maelekezo kilieleza bila kuzunguka: ngozi huwaka kuanzia utosini hadi nyayoni, mwili unapoteza maji na joto, moyo unakimbia mpaka unasimama. Mmoja kati ya watatu hufa. Dawa za zamani za kuituliza ngozi ya namna hiyo zilikuwa zimeacha kuagizwa tangu malango yaje. Kuzipata Dar es Salaam ni siku kumi.

Watu wa namna hiyo Tabora walikuwa sita. Mwavita hakuhitaji kusoma orodha. Wa tatu alikuwa Sikujua, binti yake wa pekee.

Na kulikuwa na jambo jingine, nalo tusimsafishe, alilifikiria. Hakuna aliyejua isipokuwa yeye. Angekaa kimya, Mwajabu angezikwa kama Mzee Ndaro, watu wangesema ni kudra, na yeye angeilegeza namba polepole siku arobaini, kitabu kikarudi kabatini. Sikujua asingejua kitu. Alilifikiria hilo kwa muda wote wa kunywa kikombe cha chai, hadi kikaisha. Kisha akajifunga mtandio, akaenda mtaa wa Cheyo kwa mwanawe.

*

Sikujua alikuwa jikoni anakanda unga wa chapati, mikono wazi hadi mabegani. Miaka kumi na mitano, tangu yuko darasa la tatu, alivaa mikono mirefu hata joto la Oktoba. Sasa ana umri wa miaka ishirini na minne, ameolewa miezi minne iliyopita na Nasibu, fundi wa reli kutoka Urambo. Alimwamkia mama yake, akamsogezea kigoda.

Mwavita alimweleza yote, bila kuficha hata lile la chai. Sikujua alisikiliza huku akikanda. Mama yake alipofika kwenye mmoja kati ya watatu, mikono ikasimama ndani ya unga.

"Umekuja kuniuliza, au kuniambia?"

"Kukuuliza, mwanangu."

"Basi sitaki."

Mwavita alimtajia mtoto wa siku tisa. Sikujua akajibu kwamba Mwajabu anamjua vizuri kuliko mama yake anavyodhani. Magamba ya Mwajabu yalikuwa kichwani tu. Alifunika mtandio na kuingia kila shughuli, na kwenye shughuli hizohizo ndiye aliyemtengea Sikujua kikombe chake cha plastiki, akakipaka rangi ya kucha ili kisichanganyike na vya wenzake. Na Nasibu hajawahi kuona gamba hata moja. Ameambiwa mke wake aliwahi kuugua, lakini kuambiwa na kuona ni vitu viwili.

"Mimi nakumbuka shuka, mama," Sikujua alisema. "Kila asubuhi ulikuwa unalikung'uta uani, ukidhani bado nimelala. Nilikuwa nakusikia. Usinirudishe pale."

"Yule mwanamke anakufa."

"Namhurumia. Lakini sikumpandia lango mimi. Wala sikuandika mimi kwamba nimekula."

Mwavita aliangalia mikono ya mwanawe, mizuri, yenye unga hadi kwenye viwiko, akaaga. Sikujua alimsindikiza hadi barabarani kama kawaida yake.

*

Rutashobya hakumfokea, na Mwavita aliona afadhali angefoka. Alimsikiliza hadi mwisho, akafunga kitabu cha usomaji kwa mikono miwili.

"Kwa nini, Bi Mwavita?"

"Ningemwandikaje mtu saumu yake, Daktari?"

Daktari alisema angemwambia tu, yeye asingemgombeza mtu, angesogeza usomaji mwezi ule upite. Labda ni kweli. Kisha akasema mambo ya lawama yatakuwa na siku yake, na mnara hautaguswa mpaka wale sita waulizwe mmoja mmoja na kuridhia, kwa maana hawezi kuchukua roho ya mtu akamnunulia mwingine bila mwenyewe kujua. Mwavita alimpenda kwa neno hilo, na hapohapo lilimchoma.

Waliwafuata watano kwa gari la Kituo asubuhi iliyofuata. Mmoja alikuwa mjomba wake Mwajabu, akaridhia kabla hawajamaliza kueleza. Wengine wanne waliletwa wodini wakamwona mgonjwa, wakamwona na mtoto anayenyonya ziwa lisilo na maziwa ya kutosha, na wakakubali kwa shingo upande. Kapela, dereva wa trekta, alilia waziwazi, akasema anaogopa lakini atapata wapi uso wa kumtazama mtoto yule akikua. Wote watano wakapewa vitanda ili moto ukianza wawe karibu.

Saa tisa mchana Mwajabu alianza kuweweseka. Miguu yake ilikuwa baridi. Rutashobya alitoka wodini akaja mezani kwa Mwavita, ambapo fomu ya ridhaa ilikuwa wazi, majina matano yamejazwa na la tatu tupu. Kanuni ya Kituo ilimruhusu mzazi kumjazia mwanawe ambaye hayupo.

"Na binti yako? Amesemaje?"

Mwavita alishika kalamu. Mwezi wa Ramadhani alikuwa ameandika uongo akidhani anawastahi watu. Safari hii alijua vizuri anaandika nini, na juu ya nani. Alimwona Sikujua jikoni kwake, akamsikia. Akaona pia kwamba akiandika hapana, atakuwa amewaua wawili, Mzee Ndaro na huyu aliyeko wodini, kisha amerudi nyumbani kula chapati kwa mwanawe.

"Amekubali," alisema, akaandika.

Daktari alimshika bega. Alimwambia amwite Sikujua aje alale wodini na wenzake, na Mwavita akaitikia kwamba yuko njiani. Saa kumi na moja jioni waliweka hamsini, na mnara ukautangazia mji.

Alimpigia Sikujua simu mara saba. Hakupokea, na Mwavita hakuwa na uso wa kumfuata Cheyo.

*

Kesho yake asubuhi kidonda cha Mwajabu kilikuwa kimevimba, chekundu, cha moto, na usaha ulikuwa umetokeza kwenye kingo. Rutashobya alicheka kwa sauti, mtu ambaye hana mazoea ya kucheka. Homa ilipanda, dawa za kuua vijidudu ambazo hazikuwa zimefanya kitu siku zote zile zikapata mwenzi wa kupigana pamoja nazo, na kufikia jioni alikuwa ameomba uji. Mwavita aliusafisha usaha ule kwa mikono yake, machozi yakimdondoka.

Wale watano walianza kuwaka siku hiyohiyo. Wanne walishika nafuu baada ya kuteseka sana. Kapela hakuamka. Moyo ulimsimama siku ya pili kabla ya adhuhuri, akiwa amefungwa mablanketi matatu na bado anatetemeka kwa baridi.

Saa moja baadaye Nasibu aliingia amembeba mke wake mgongoni, amemzungushia kanga mbili zilizolowa. Alisema mkewe aliamka jana akiwa mwekundu, akajifungia chumbani, akakataa kuonwa, mpaka leo alipovunja mlango. Ngozi ya Sikujua ilikuwa inachanika kila inapokunjwa, na ilibanduka vipande vipande kwenye shati la mume wake. Nasibu alikuwa na vipande hivyo shingoni wala hakujifuta. Alimlaza kitandani taratibu, akauliza atoe damu au atoe nini.

Daktari alimuuliza Sikujua, kwa upole, kwa nini hakuja siku ile baada ya kukubali.

"Nani alikubali?" Sikujua alisema.

Rutashobya aligeuka akamtazama Mwavita. Kisha alinyoosha mkono, na Mwavita akampa funguo za chumba cha kusomea, na toka hapo akabaki wodini kama mama wa mgonjwa tu. Alimpaka mwanawe mafuta mazito kila baada ya saa mbili, akamnywesha maji kwa kijiko, akahesabu mapigo ya moyo kwenye shingo maana mkononi pa kushika hapakuwepo. Sikujua alivumilia kushikwa, lakini hakumtazama.

Siku ya tatu alikuja Masudi, mume wa Mwajabu, na mtoto kifuani. Alikuwa amesikia mjini kwamba Mama Sikujua ndiye aliyegundua kasoro na ndiye aliyekubali wa kwanza. Aliinama hadi magotini kumshukuru. "Mungu akulipe kwa wanao," alisema, kama wasemavyo watu wote, na Mwavita akaitikia amina kwa sababu hakuna neno jingine la kuitikia. Pazia la kitanda cha Sikujua lilikuwa hatua mbili nyuma yake, na halikuwa nene.

Masudi alipoondoka Mwavita alilifungua pazia. Sikujua alikuwa macho. Midomo imepasuka, kifua kinapanda na kushuka haraka mno, macho yamebaki yaleyale ya utotoni. Mwavita alipiga magoti sakafuni. Mtoto ndiye anayemwomba mzazi radhi; Mwavita hakuwahi kusikia, tangu azaliwe, mzazi aliyemwomba mtoto. Aliomba.

"Nilikusingizia, mwanangu. Nilijua hutaki. Nipe radhi."

Sikujua aligeuza uso kuelekea pazia.

"Mwajabu anapona?"

"Anapona."

"Ungefanya hivyo tena?"

Mwavita alitaka kusema hapana. Maisha yake yote alikuwa amewaandikia watu kile kitakachowafurahisha, na hili lilikuwa jepesi kuliko yote. "Ndiyo," alisema.

Sikujua alifumba macho. Maji yalimtoka kwenye kope, yakamchoma mashavuni, na mama yake hakuthubutu kuyafuta.

"Sikupi, mama," alisema. "Nikiamka kesho, uniulize tena."

Mwavita hakulala. Alfajiri alipeleka kiganja karibu na pua ya mwanawe, akangoja. Pumzi ilikuja, fupi, ya moto. Akapiga magoti, akauliza tena.